Maji ya Bidoni Yako Hayakuharibu Kitu

Mapendo,

Watu huanza barua kwa kuuliza habari za afya. Za kwako ninazijua: umeondoka hapa sasa hivi na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako, umeshiba maharage, na kikohozi cha wiki iliyopita kimekwisha. Za kwangu hazina maana. Nimebaki peke yangu kwenye karakana, mlango nimeufunga kwa ndani kama mwizi, na jua bado liko juu. Mkirudi kabla sijamaliza, basi sitamaliza kamwe, maana ninajijua.

Mambo ya safari mama yako ameyasema mpaka umechoka: sweta, dawa ya malaria, usipande pikipiki ya dereva anayenuka pombe. Sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nitaliandika hapa juu kabla woga haujanirudia. Kompyuta ya kaka yako Justin hukuiharibu wewe. Niliiharibu mimi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukatua bidoni ya maji mahali pabaya, basi. Mengine yote uliyoambiwa, na yote uliyopigiwa, niliyatunga mimi.

Rudi usome tena hapo juu. Mimi nina muda.

Ninakujua. Umeshaanza kutafuta namna ya kunitetea. Unasema moyoni labda Papa anajisingizia kwa sababu ninaondoka, labda ni sisi wote wawili. Acha. Ugonjwa huo nilikuambukiza mimi. Tangu siku ile umekuwa mtu wa kuomba pardon kwa kila kitu. Juzi nilikusikia unamwomba pardon mbuzi aliyekukanyaga wewe mguu. Majirani walicheka, nikacheka nao, na kicheko changu kilikuwa kibaya kuliko chao kwa sababu mimi nilijua hiyo pardon ilikotoka.

Sasa nitakueleza mambo yalivyokwenda. Ulikuwepo lakini hukuona.

Ilikuwa msimu wa kuvuna maharage. Justin alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Goma, mambo ya kilimo, akaja nyumbani wiki moja kumalizia ile kazi ya kuandika wanayoiita TFC, ambayo bila hiyo hupewi diploma. Aliandika juu ya ugonjwa wa mihogo, mihogo yetu hii hii ya Kibabi. Alikuwa anatembea shambani na daftari, anapima majani, wazee wanamcheka. Kompyuta alipewa na mjomba wenu wa Goma. Ilikuwa ya rangi ya fedha, mfuniko unang'aa, ukiupitishia kidole kinateleza.

Niliichukia ile mashine. Hilo sijamwambia mtu hata mmoja. Mjomba wenu ndiye aliyewanunulia viatu vya shule, ndiye aliyemtafutia Justin chumba Goma, na sasa mwanangu wa kwanza alikuwa anakula huku jicho lake liko kwenye zawadi ya mwanamume mwingine. Mimi nimepaka matangi ya pikipiki na milango ya malori tangu kabla hamjazaliwa. Malori yanashuka mpaka Walikale na Mubi yakiwa na maandishi ya mkono wangu, na watu njiani wanayasoma kwa sauti. Lakini mwanangu mwenyewe hakuwa na kitu chochote changu cha kujivunia. Siku moja Justin akaenda Masisi kutafuta mtandao wa simu, akaiacha mashine mezani. Mfuniko ulikuwa na mkwaruzo mmoja wa safari, mwembamba kama unywele. Nikasema, leo ataona baba yake ni nani.

Nilifanya kama ninavyofanya mlango wa lori, maana hicho ndicho nilichokijua. Mlango wa lori huwezi kuupaka juu ya mng'ao wake, rangi haishiki; sharti uukwangue kwa msasa mkali mpaka bati libaki kavu. Nikakwangua. Ile ngozi ya fedha, ambayo mtu fulani kiwandani aliiweka kwa ufundi nisioweza kuufikia hata nikizaliwa mara ya pili, niliimaliza kwa nusu saa. Vumbi lake likaingia kwenye vitobo vya chini na vya ubavuni. Sikuziba hata kimoja. Mlango wa lori hauna mahali pa kupumulia, mimi ningejuaje? Nikapaka masitiki ya kusawazisha, nikawasha pampu, nikapuliza nyekundu mara tatu, nikaongeza mstari wa manjano, na kwa brashi ndogo nikaandika kama kwenye malori: JUSTIN, MUNGU MBELE. Kisha nikaianika juani, juu ya bati, ikauke haraka.

Ilipendeza, Mapendo. Sijapata kufanya kazi nzuri kama ile, kabla wala baadaye.

Nikaiwasha niione na mwanga wake. Iliwaka, ikakoroma kama mtu mwenye pumu, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika. Nilibonyeza na kubonyeza. Nilimwita Mungu ambaye jina lake lilikuwa bado bichi kwenye mfuniko.

Hapo ndipo ulipofika kutoka kisimani. Ulitua bidoni kando ya meza yangu kwa sababu mkono ulikuuma, ukaingia ndani kumsaidia mama yako. Sasa fuata vizuri, kwa sababu hiki hukijui hata kidogo. Nilichukua kikombe, nikachota maji ya bidoni yako, nikayamwaga juu ya vibonye vya kompyuta ya kaka yako. Nilimwaga polepole. Nilihakikisha yameingia. Kisha nikailaza bidoni ubavu juu ya meza, nikapaza sauti.

"Nani aliweka bidoni hapa?"

"Ni mimi, Papa."

Maneno matatu. Huo ndio ushahidi wote uliowahi kutolewa juu yako.

Nilikupiga kwa kipande cha mpira wa tairi. Unakumbuka, najua, maana ukipandisha kitenge hata leo alama iko nyuma ya goti. Mwenye hasira akipiga huchoka. Mimi sikuwa na hasira, nilikuwa napiga ili mimi mwenyewe niamini, ndiyo maana sikuchoka mpaka mama yako aliponishika mkono. Wewe uliendelea kusema pardon. Hukusema hata mara moja kwamba hukumwaga. Nadhani ulipofika mpigo wa tano ulikuwa umeshajiona unamwaga.

Jioni Justin akarudi. Alipitisha kidole juu ya mstari wa manjano.

"Papa, uliipamba muzuri hivi," alisema, "na ule mutoto anaiharibu siku ile ile."

"Mutoto ni mutoto," nikamjibu. "Usimuchukie dada yako."

"Aksanti, Papa. Sikujua kama unaweza kufanya kitu muzuri hivi juu yangu."

Zile shukrani nilizipokea. Nilikuwa nimezisubiri miaka ishirini, nikazipokea mbele ya mashine niliyoiua, na wewe unalia nyuma ya jiko. Nikuambie jambo moja ambalo halimo kwenye mahubiri ya Jumapili: ziliniingia vizuri. Zilikuwa tamu.

Ukifika hapa unaweza kusema, sawa, Papa aliogopa, mtu akiogopa hufanya ujinga. Ningependa tuishie hapo. Lakini woga ulinichukua siku moja tu, na yanayofuata niliyafanya nikiwa na akili zangu zote, nimekunywa chai, nimevaa koti.

Niliwaambia nitaipeleka Goma mimi mwenyewe kwa fundi. Mliniona baba mwema. Ukweli ni kwamba sikutaka Justin awepo mashine ikifunguliwa. Fundi alikuwa kijana mwembamba, kibanda chake kimejaa simu zilizopasuliwa. Aliifungua, akachungulia na tochi, akanitazama.

"Papa, nani alipaka hii?"

"Fundi moja wa kwetu."

"Huyo fundi njo aliua mashini. Angalia, ventilatere, ile ya kupuliza upepo, imejaa rangi na vumbi, haizunguke tena. Ikaungua. Maji ilikuya nyuma, mashini ikiwa imeshakufa."

"Basi yote imepotea?"

"Apana. Diski iko muzima. Kazi yote ya mutoto wako iko ndani. Muambie akuye kesho na mo de passe yake, ile neno ya siri ya kufungulia, nitamutoshea yote. Na nitamuonyesha vile ilikufa."

Umesikia? Kazi ya kaka yako ilikuwa nzima. Ilikuwa pale, ndani ya kile kipande kidogo kinachotoshea kwenye kiganja, na ugonjwa wake wa mihogo, na majani yake aliyoyapima. Angetoka Kibabi asubuhi, jioni angekuwa nayo. Lakini yale ya mbele sikuyasikia. Nilisikia hayo ya mwisho tu, nitamuonyesha vile ilikufa. Nikamwambia yule kijana mutoto amenituma nirudi na diski. Akanifungia kwenye karatasi, akanisihi niitunze isianguke. Nilipofika Sake, gari limesimama watu wanunue mikate, nikaenda kwenye choo cha kituo nikaitupa shimoni. Nikarudi kwenye kiti changu. Nilinunua mkate pia.

"Hata diski?" Justin aliniuliza.

"Hata diski."

Alijaribu kuiandika upya kwa mkono. Daftari lile liko kwa mama yako, lina kurasa tisa. Siku ya kutetea kazi mbele ya walimu ikapita. Mjomba wenu akatuma neno kwamba hawezi kulipa mwaka mwingine kwa nyumba ambayo watu wanamwaga maji juu ya kompyuta, na mimi nikamlaani mbele yenu kwa roho yake mbaya. Justin akasema anakwenda Mubi kuchimba madini, mwaka mmoja tu, apate pesa ya kurudia. Mwaka mmoja huo ndio huu, wa nane sasa. Ameacha vidole viwili kwenye shimo. Akipiga simu anaongea na mama yako. Wewe ukipewa simu, mtandao unakatika. Mtandao wa Mubi ni mbaya, Mapendo, lakini si mbaya kiasi hicho.

Na bado sijafika kwenye baya lenyewe. Hili ningeweza kuliacha, hakuna anayelijua, hata wewe uliyekuwepo hukulijua. Miaka mitatu iliyopita Justin alinipigia mimi. Alikuwa ametoka kuugua, sauti imepungua. Akasema, "Papa, muambie Mapendo nilimusamehe. Alikuwa mutoto tu." Nilikuwa na simu sikioni, njia iko wazi, ningesema neno moja. Nikasema, "Nitamuambia."

Nikakuambia. Ulipiga magoti hapa hapa, juu ya vumbi la msasa, ukalia kwa furaha. Ulinishika miguu ukanishukuru kwa kukuombea kwa kaka yako. Nami nikakuwekea mkono kichwani, nikakubariki.

Kipigo nimejaribu kukisahau na siku nyingine ninaweza. Huo mkono kichwani siwezi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakupita kwangu.

Sasa tuje kwenye mashine yako. Miaka miwili umekaa kwenye kile kibanda cha kuchapia karatasi pale Masisi, unachapia watu barua zao za kuomba kazi, mpaka ukanunua ya kwako, ya mkono wa pili, ya kijivu, safi. Nilifurahi. Nikasema mwanangu, mwalimu mpya wa Walikale, atafika shuleni na kompyuta yake. Halafu ukaniletea hapa karakana, ukimtaja kaka yako kwa yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Papa, munipakie nyekundu, na ule mustari wa jaune, vile ulipaka ya yaya Justin."

"Ya nini? Hii iko muzuri hivi."

"Haiko yangu, Papa. Ni ya yaya. Nitapita Mubi nimupe mbele nianze kazi. Nilimuharibia yake, namurudishia."

Nilikuambia uiache mezani. Nilisema vizuri, sivyo? Sauti haikutetemeka. Nimekuwa hodari.

Nimeipaka kama ulivyotaka, lakini safari hii nilikwenda kuuliza kwanza. Kijana mmoja anayetengeneza redio sokoni, ambaye ni mdogo kwa Justin, ndiye aliyenifundisha, nami nilikaa kwenye kigoda nikamsikiliza. Sikugusa msasa. Niliifuta kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, kitambaa kimekamuliwa, mashine imezimwa na betri imetolewa. Niliziba kila kitobo na kila tundu la waya kwa skochi, ule utepe wa gundi. Juu ya mfuniko nikabandika ile plastiki ya kujishika wanayofunikia vitabu vya shule, nikaikata kwa wembe pembeni kabisa, na rangi nikaiweka juu ya plastiki, nyembamba, kivulini, kila tabaka la rangi siku yake. Ukichoka na nyekundu, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye kona, vuta polepole, itatoka yote kipande kimoja. Chini yake kijivu chako kiko vile vile, sijakikwaruza hata kidogo. Kumbe inawezekana kupamba kitu cha mtu bila kumchuna ngozi. Nimejua nikiwa na mvi, wakati hakuna wa kumfaa.

Jina la Justin sikuandika. Uliuliza kwa nini, nikakudanganya kwamba rangi nyeupe imekwisha. Sikuandika kwa sababu hii mashine si ya Justin. Ni ya kwako. Huna cha kumrudishia, kwa kuwa hukumchukulia kitu. Ukitaka kumpa kwa kuwa ni kaka yako na unampenda, mpe, sitakuzuia, mimi ni nani? Lakini usimpe umeinamisha kichwa. Usipige magoti mbele ya mtu kwa dhambi ya baba yako. Magoti yako nimeshayatumia ya kutosha.

Na huko shuleni angalia mdomo wako. Kitu kikipotea, ufunguo, chaki, pesa ya karo, macho yatakwenda kwa yule aliyesema pardon kwanza. Watu kama mimi wako kila mahali, wana koti safi na sauti ya upole, na wanatafuta mtu kama wewe kama kupe anavyotafuta sikio la ng'ombe. Kabla ya kuomba radhi, uliza: nilifanya nini? Uliza kwa sauti. Ungeniuliza siku ile sijui ningejibu nini. Labda ningekupiga zaidi. Lakini ungebaki unajua.

Justin naye anatakiwa kujua. Hapo utaona vizuri baba yako ni mtu wa aina gani. Njia ya Mubi iko, pikipiki ziko, afya ninayo. Ningeweza kwenda miaka hii yote, nikasimama mbele ya mwanangu nikamwangalia mkono wake. Sikwenda. Ninakutuma wewe. Nilikubebesha uongo wangu ukiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa una miaka kumi na tisa ninakubebesha ukweli wangu, maana huo nao ni mzito na mimi sitaki kuubeba. Nitaifunga barua hii juu ya mashine, ndani ya kitenge, huwezi kumpa mashine bila kuikuta. Msomee au mpe asome. Au ichome, ubaki wewe tu unayejua. Ukiichoma, mimi nitanufaika, na wewe utakuwa umeniomba pardon kwa mara nyingine.

Mama yako sijamwambia. Nitamwambia kesho ukishaondoka. Ndivyo ninavyosema sasa, lakini umeshanijua, kwa hiyo mpigie simu wewe mwenyewe baada ya siku tatu umuulize. Akikuambia hajui unazungumza nini, umueleze yote.

Sikuombi unisamehe. Nimeona msamaha unavyotolewa katika nyumba hii, na nani anaupokea. Kama siku moja utataka kunitukana, simu yangu huwa wazi, sitasema mtandao ni mbaya.

Nawasikia mnashuka, mama yako anacheka, kwa hiyo shangazi yako amekupa kuku. Nimalizie. Utakapokuwa unasoma hapa utakuwa umeshaondoka, na utakumbuka kwamba asubuhi, ambayo kwangu bado ni kesho, sikutoka kukusindikiza mpaka barabarani. Uliingia chumbani, ukanikuta nimelala nimegeukia ukuta, nikakuambia mgongo unauma. Bila shaka ulisema pole Papa, na bila shaka ulinifunika blanketi.

Mgongo wangu ni mzima.

Papa yako